Maktaba isiyo na vitabu vya wenyeji ni ya nani?

Majuzi nikiwa mjini Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, nilisimama kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba. Nikamuuliza mchuuzi iwapo alikuwa na kitabu chochote cha David Maillu. Akacheka. "Mwalimu, hicho kiko kwa silabasi?" Nikamjibu la. "Basi hapa hukipati. Watu hununua cha mtihani."

Jibu hilo lilinikaa rohoni, kwani Maillu alizaliwa papa hapa Makueni, eneo la Kilungu, mwaka wa 1939. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mchuuzi, hebu turejee nyuma kidogo.

Aghalabu husemwa eti Mwafrika hapendi kusoma. Historia ya Ukambani inatupa picha tofauti. Mmishonari Ludwig Krapf alifika huku mwaka wa 1849, na mwaka uliofuata tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ikachapishwa. Kilichochelewa si maandishi, bali mahali pa kuyasomea. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931, lakini kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. Sheria ya kuunda bodi ya maktaba za taifa ilipitishwa mwaka wa 1965, baada ya Uhuru.

Waandishi wa huku hawakungoja maktaba. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alichapisha *Mutunga na Ngewa Yake* kwa Kikamba mwaka wa 1954. Alikusanya ngano nyingi za Wakamba, na baadhi zikatoka katika *Akamba Stories* mwaka wa 1966. Leo wasomi wengi wanamjua kwa *African Religions and Philosophy* (1969) pekee. Ukiwatajia zile ngano, wanakukodolea macho.

Maillu naye alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, mwaka wa 1972. Vitabu kama *My Dear Bottle* na *After 4.30* vilikuwa vyembamba, vya bei nafuu, na vilizungumzia maisha ya mfanyakazi wa kawaida mjini. Wahakiki wakavikemea. Tanzania ikavipiga marufuku mwaka wa 1976. Wasomaji, wapi! Walivinunua na kupokezana. Sivitetei vyote, baadhi vina kurasa ambazo nisingethubutu kumsomea mama mkwe. Ila vilithibitisha jambo moja: msomaji akipata kitabu kinachomhusu, kwa bei anayoimudu, atasoma bila kushurutishwa na mtihani.

Hapa ndipo suala la maktaba linapoingia. Mchuuzi ana haki ya kuuza kinachonunuliwa; hiyo ndiyo riziki yake. Maktaba ya umma haina kisingizio hicho. Kazi yake ni kuhifadhi hata kile ambacho soko limekisahau. Na tusielekeze kidole Nairobi tena, kwani Katiba ya 2010 iliorodhesha maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Anayepanga bajeti ya barabara na visima mjini Wote au Kitui ndiye pia mwenye dhamana ya rafu za vitabu.

Ninapendekeza jambo dogo tu. Kila kaunti ya Ukambani itenge rafu moja ya waandishi wake, wa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya huku watumwe vijijini kutafuta nakala kuukuu zilizofichwa masandukuni, kabla mchwa hawajazimaliza. Nakala nyingi za miaka ya 1950 na 1970 hazijawahi kuchapishwa upya. Ikipotea ya mwisho, imepotea.

Siku mtoto wa Wote atakapoomba kitabu cha Maillu au Mbiti, asiulizwe kama kiko kwa silabasi. Aulizwe tu atakirudisha lini.