Vita Isiyomwaga Damu

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Hata hivyo, kwa miaka mingi mitambo ya kuwafundishia marubani na askari wa vifaru ilisimama kila mmoja peke yake, hali vita hupiganwa na kikosi. Mwaka 1978 Jack Thorpe, afisa wa Jeshi la Anga la Marekani, alipendekeza mitambo hiyo iunganishwe.

Mwaka 1983 shirika la utafiti wa ulinzi la nchi hiyo, DARPA, likaanzisha mradi ulioitwa SIMNET. Katika kambi ya Fort Knox, askari wanne waliingia ndani ya kasha lililofanana na tumbo la kifaru: kamanda, mpiga mzinga, mpakia makombora na dereva. Kompyuta ziliwachorea uwanja mmoja wa mapambano, wakaonana humo na wenzao waliokuwa katika makasha mengine. Aliyekosea "aliuawa", kisha akatoka mzima. Na kikosi kizima kikaketi kupitia upya kila hatua na kujikosoa.

Baada ya mapigano ya vifaru huko Iraki tarehe 26 Februari 1991, wapiganaji walihojiwa, na mapigano yenyewe yakaundwa upya ndani ya kompyuta ili wengine wajifunze.

Ni dhahiri kwamba kasha halina tope, njaa wala hofu ya kifo; kwa hiyo haliwezi kuchukua nafasi ya mazoezi ya medani. Lakini limethibitisha jambo moja: kosa linalokiriwa mbele ya kikosi wakati wa mafunzo halingoji kulipiwa kwa damu vitani.