Metali Kali na Masikio ya Kusini: Historia ya Muziki Unaodhaniwa Kuwa Kelele

Mnamo mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa vimeiachia nchi ya kusini njaa na majonzi, Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa Jumba la Makumbusho la Leipzig, alitoka bandari ya Lindi akaelekea bara pamoja na msafara wa wapagazi, na miongoni mwa mizigo yao ilikuwamo fonografu, mashine ya kunasia sauti juu ya mitungi ya nta. Safari yake ilimfikisha Masasi na Newala, akakaa na Wayao, Wamakua na Wamakonde na kuandika habari za Wamwera, ambao nchi yao ndiyo hii tunayoiita leo Nachingwea na Ruangwa; na nyimbo alizozinasa, kila mmoja ukiwa wa dakika chache tu kwa kuwa nta haikuweza kubeba zaidi, zilivuka bahari kwenda Ujerumani.

Nimemtanguliza msafiri huyo katika habari ya metali kali kwa sababu mambo matatu aliyoyafanya, yaani kuitafuta sauti asiyoizoea, kuinasa na kuiandikia maelezo, ndiyo mambo yanayofanywa na wapenzi wa muziki huo duniani kote. Metali kali ni tawi la roki ambalo magitaa yake hunguruma, ngoma zake hupigwa kwa kasi ya kutisha au kwa uzito wa kutambaa, na mwimbaji wake hupiga ukemi mahali ambapo wengine wangeghani. Aghalabu mpenzi wake haridhiki na bendi inayojulikana na kila mtu. Huitafuta albamu iliyotolewa kwa nakala chache na vijana wa mji usiotajwa, akiisha kuipata huisikiliza mara nyingi, na akiisha kuisikiliza huwaendea wenzake kuijadili kwa hoja, nani alitangulia, nani aliiga, na nani anastahili sifa aliyonyimwa.

Asili ya muziki huo ni viwandani. Mwaka 1965, huko Birmingham, Uingereza, kijana wa miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati, naye, badala ya kuliacha gitaa, alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimwumize, na kwa kulegea huko sauti ikazama chini na kuwa nzito kuliko iliyokuwa imezoeleka. Bendi yake, Black Sabbath, ilitoa albamu ya kwanza mwaka 1970, na wanahistoria wengi wa muziki huhesabu kuanzia hapo. Mwaka 1982 vijana wa mji wa Newcastle waliojiita Venom walitoa albamu yenye jina la Black Metal, ambayo tawi zima la muziki lilirithi jina lake, na mwaka 1987 Napalm Death wa Birmingham walitoa albamu iitwayo Scum, yenye nyimbo 28, mmojawapo ukiwa wa muda wa sekunde moja na ushei.

Msomaji wa Nachingwea asidhani kwamba miji hiyo haina uhusiano wowote na yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni 3, matrekta hayakutosha, na kampuni ya Vickers-Armstrongs, yenye viwanda vyake Newcastle, ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki katika vita na kuvigeuza kuwa mashine za kung'olea visiki. Bandari ya Mtwara ilijengwa, reli ikatandazwa hadi Nachingwea, misitu ikaangushwa kwa minyororo na chuma. Lakini mvua, udongo na pupa vilishinda, na mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na reli nayo ikang'olewa katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Kwa hiyo ngurumo ya chuma ya Newcastle iliyafikia masikio ya nchi yetu miaka 30 na zaidi kabla wana wa mji huo hawajaigeuza kuwa muziki, na wazee wetu walijua kabla ya mwandishi yeyote wa muziki kwamba chuma kinaweza kuahidi mengi na kuondoka bila kutimiza.

Wala pwani yetu haikukosa fungu lake. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 na ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, aliimba na bendi yake ya Queen mwaka 1974 wimbo wa haraka na mkali uitwao Stone Cold Crazy, ambao wengi huuhesabu miongoni mwa vitangulizi vya metali ya kasi. Metallica wa Marekani waliurudia mwaka 1990, na kwa kuurudia huko wakapata tuzo ya Grammy ya metali mwaka uliofuata. Mabishano juu ya nani alitangulia hayawezi basi kufungwa kwa haki bila ya kumtaja mtoto wa Unguja.

Katika miaka ya 1980 redio nyingi ziliukataa muziki huu, na maduka makubwa hayakuutaka, hata wapenzi wake wakajitengenezea njia yao wenyewe: walirekodi kanda, wakazitia katika bahasha na kuzituma kwa posta kwa watu wasiopata kuwaona, pamoja na majarida yaliyopigwa chapa kwa mashine za kunakilia. Kwa njia hiyo bendi ya Mayhem ya Norway na Sepultura ya Belo Horizonte, Brazil, zote mbili zilizoundwa mwaka 1984, zilipata wasikilizaji katika nchi ambazo hazikuwa zimezikanyaga. Watu wa rika hilo katika Tanzania hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, maana nasi tulikuwa na vibanda vya kurekodia kanda, na kanda moja ya dansi au taarabu ilizaa nyingine kumi kabla ya kuchakaa.

Kelele na adabu zimegombana hapa kwetu pia. Mwezi wa Novemba mwaka 1969 serikali ya mkoa jijini Dar es Salaam ilipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana na kudhuru utamaduni wa taifa. Wakati huo huo Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukipambana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Waliotoa amri hiyo hawakuwa na nia mbaya, na wasiwasi wao juu ya utumwa wa mawazo ulikuwa na msingi. Ila amri ilihukumu muziki kwa jumla bila ya kuusikiliza mmoja mmoja, na ndiyo kasoro ambayo imejirudia. Mwaka 2018, waziri wa maadili wa Uganda, Simon Lokodo, aliamuru tamasha la Nyege Nyege la Jinja lisifanyike kwa madai ya ufisadi wa maadili, kisha amri ikalegezwa na tamasha likaendelea.

Ni katika mazingira ya tamasha hilo, na ya kampuni ya kurekodi yenye jina hilo hilo iliyoko Kampala, ndimo ilimozaliwa albamu inayobishaniwa zaidi kuliko zote katika metali ya Afrika Mashariki. Nairobi ilikwisha kuwa na bendi zake kwa miaka mingi, kama vile Last Year's Tragedy, Parking Lot Grass, Seeds of Datura na Lust of a Dying Breed, na Kampala ilikuwa na Vale of Amonition, wafuasi wa mkondo wa mwendo wa polepole na huzuni. Kutoka katika bendi mbili za Nairobi nilizozitaja mwisho wakatoka Martin Khanja, ajiitaye Lord Spikeheart, na Sam Karugu, wakaunda kundi la Duma, na mwezi wa Agosti mwaka 2020 wakatoa albamu yenye jina la kundi. Aifunguaye albamu hiyo kwa mara ya kwanza husikia ngoma za mashine zikidunda kwa kasi ipitayo uwezo wa mikono, mawimbi ya mkwaruzo yakipanda na kushuka, na ukemi wa Khanja ukipasua katikati, mara kama mtu anayeonya, mara kama mtu anayelia matanga. Akisikiliza tena, mkwaruzo huanza kupambanuka, na mpangilio hujitokeza mahali palipoonekana pana fujo.

Waipingao husema ya kwamba hii si metali, kwa kuwa gitaa halishiki usukani na hakuna binadamu aliyekaa nyuma ya ngoma; wengine, wakiuona wimbo uitwao Pembe 666 na kukumbuka hesabu ya mnyama katika sura ya 13 ya Ufunuo wa Yohana, husema ni ibada ya giza, na hofu hiyo ina historia, maana katika Kenya yenyewe Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani mwaka 1994. Waiteteao husema ya kwamba ghadhabu, kasi na uzito ndivyo viungo vya metali, na kwamba chombo ni mtumishi tu. Kwa maoni yangu insafu iko kwa hawa wa pili, kwa hoja ambayo historia yenyewe imeitoa: muziki huu ulipata sauti yake kutokana na mtu aliyekosa ncha za vidole akakimbilia plastiki, na asili iliyoanza kwa kukubali chombo cha dharura haiwezi kumkataza kijana wa Nairobi kukimbilia kompyuta. Ama kuhusu giza, albamu aliyoitoa Lord Spikeheart peke yake mwaka 2024, The Adept, inajibu vya kutosha, kwa kuwa inamkumbuka Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha jemadari msituni na kufariki mwaka 2023. Na mtu apigaye ukemi kwa ajili ya waliokaa msituni kwa ajili ya ardhi yao ana haki ya kusikilizwa mpaka mwisho.

Mjadala huo una ndugu yake wa nyumbani. Singeli, iliyokulia Manzese, Tandale na Mburahati kutokana na mchiriku na sherehe za vigodoro, hukimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, mwendo wa bendi za metali zenye kasi kubwa. Na mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa mwaka 2017, pamoja na albamu ya Bamba Pana iitwayo Poaa ya mwaka 2018, uliwafanya wapenzi wa muziki wa kasi wa Ulaya kuitafuta Mburahati kwa shauku kama ile ambayo wapenzi wa metali waliitafutia Norway. Hapa kwetu wapo waliouita muziki huo uhuni wa uswahilini, kwa maneno yanayokaribiana sana na yale ya mwaka 1969. Na ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ambayo wapiganaji wake wa FRELIMO walifundishwa Nachingwea hadi Samora Machel alipofunga safari ya kurudi kwao mwaka 1975, vijana wa Maputo nao wameunda bendi za metali, na Leslie Bornstein amewafanyia filamu iitwayo Terra Pesada.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa kwangu, ni hifadhi. Mwaka 2002 wapenzi wawili wa Canada walianza kuandika orodha ya bendi zote za metali duniani, kila bendi na mji wake, mwaka wake, wapigaji wake na albamu zake, na leo bendi iliyotoa kanda moja tu na kuvunjika ina mahali pake pa kukumbukwa. Linganisha na hali yetu: katika vibanda vya simu mtu hujaziwa mamia ya nyimbo katika kadi ya kumbukumbu kwa bei ndogo, na aghalabu wimbo humfikia ukiwa umekatwa jina la mpigaji, au umepachikwa jina lisilo lake, bila mwaka wala mahali. Na ngoma za Wamwera, ambazo mafundi wake huzipasha ngozi zake moto mpaka sauti ikaze, na ambazo kwa mapigo na nguvu haziwi nyuma ya bendi yoyote niliyoitaja, nyingi hazina hata kadi.

Basi ewe msomaji wa Nachingwea na Ruangwa, hasa kijana unayependa kutafuta albamu za mbali na kuzibishania kwa hoja, elimu uliyoipata huko ihamishie nyumbani. Baada ya mavuno, ngoma zitakapopigwa, omba ruhusa kwa wenyewe, na yale ya unyago na jando ambayo ni siri waachie wenye siri. Lakini yanayochezwa hadharani yarekodi kwa simu yako, uandike jina la fundi, jina la ngoma, kijiji na mwaka, kisha uweke nakala zaidi ya mahali pamoja. Weule alilifanya jambo hilo mwaka 1906 akiwa na fonografu na wapagazi wengi. Wewe una chombo bora kuliko chake mfukoni, na lugha ya wenyeji unaijua kuliko yeye.