Kifo cha Flash chaacha funzo kwa wajenzi wa tovuti

Januari 12, 2021, kampuni ya Adobe ya Marekani ilizuia rasmi Flash kuonyesha video, michezo na fomu kwenye kompyuta, na hivyo kuhitimisha enzi ya programu iliyotamba katika intaneti kwa miaka mingi.

Flash ilikuwa programu-jalizi, yaani programu inayopachikwa kwenye kivinjari ili kifanye kazi ambayo chenyewe hakiwezi. Iliingia sokoni mwaka 1996, ikamilikiwa na Macromedia, kampuni ambayo Adobe iliinunua mwaka 2005. YouTube, iliyoanzishwa mwaka huo huo, iliitegemea kwa sababu HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, haikuwa na njia yake ya kuonyesha video.

Aprili 2010, aliyekuwa kiongozi wa Apple, Steve Jobs, alieleza katika waraka wa wazi sababu za kuikataa Flash kwenye simu za iPhone. Miongoni mwake ni kumilikiwa na kampuni moja, udhaifu wa usalama na kumaliza betri haraka.

Mbadala wake, HTML5, uliidhinishwa Oktoba 2014 na W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti. Kiwango hicho ni huria: yeyote anaweza kutengeneza kivinjari kinachokifuata bila kuomba ruhusa. YouTube ilikifanya chaguo lake la kwanza Januari 2015, na Julai 2017 Adobe ikatangaza kuwa Flash ingekoma mwishoni mwa 2020.

Licha ya notisi hiyo ya zaidi ya miaka mitatu, Mamlaka ya Kodi ya Afrika Kusini (SARS) ilikuwa bado na fomu zilizotegemea Flash. Januari 2021 ililazimika kutoa kivinjari chake ili walipakodi waweze kuzifungua.

Hata hivyo, umiliki haujatoweka kabisa. Septemba 2017, W3C iliidhinisha utaratibu unaoruhusu filamu za kulipia kulindwa kwa kufuli za kidijitali, ambazo nyingi ni mali ya kampuni kubwa. Wakosoaji walipinga, wakisema mlango uliofungwa kwa Flash umefunguliwa upande mwingine.

Kwa taasisi zinazotoa huduma kwa umma, suala si ubora wa teknolojia pekee, bali pia ni nani mwenye uwezo wa kuizima.