Greni, alama na milimita: hesabu za dozi jirani na Kingsbury

Pakiti ya aspirini ya kutuliza maumivu kwenye maduka ya dawa ya Kingsbury Road, kaskazini-magharibi mwa London, imeandikwa miligramu 300. Ile ya Marekani imeandikwa 325. Dawa ni ile ile, kichwa kinachouma ni kile kile. Hizo miligramu 25 ni masalia ya hesabu za zamani, kwani mababu wa pande zote mbili walimeza kidonge cha greni 5. Miligramu zilipoingia, Mwingereza aliihesabu greni moja kuwa miligramu 60, Mmarekani akaihesabu 65. Thamani yake ni karibu 64.8, hivyo Mmarekani ndiye aliyekaribia, lakini 60 hugawanyika kirahisi. Kidonge cha kwinini cha miligramu 300, kile kichungu ambacho wazee wetu walikimeza huku wamefumba macho, kina nasaba hiyo hiyo. Ampuli ya atropini ya miligramu 0.6 nayo ni sehemu moja ya mia ya greni, iliyovaa nguo mpya.

Kingsbury si mji wa tiba. Ni kitongoji cha manispaa ya Brent, nyumba za miaka ya 1930 zilizopangana baada ya reli kufika mwaka 1932. Lakini wakazi wake wengi ni watu wa kwetu kwa namna yao: familia za Kigujarati zilizotoka Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, ambazo bado hukaanga muhogo na kuuita mogo kwenye menyu. Na safari fupi tu ya basi kuelekea Harrow ipo Hospitali ya Northwick Park, iliyofunguliwa mwaka 1970. Anayetaka kujua kwa nini wauguzi na wafamasia hutahiniwa hesabu kwa ukali kiasi hiki hana haja ya kwenda mbali na hapo.

Kabla ya miligramu, mwanafunzi wa famasi au uuguzi alianza kwa kukariri. Greni 20 ni skrupuli moja, skrupuli 3 ni dramu, dramu 8 ni wakia, wakia 12 ni ratili. Kwa dawa za maji, minimu 60 zilifanya dramu, na dramu 8 zikafanya wakia. Akishakariri, alitoka nje kununua sukari akakuta ratili ya dukani ina wakia 16, na kila wakia ya dukani ni greni 437.5, wakati ya mfamasia ni 480. Jina moja, vitu viwili.

Kisha zilikuja sehemu. Daktari ameandika morfini, moja ya sita ya greni. Kichupa kina vidonge vya moja ya nne. Muuguzi mwenye haraka anaona 6 ni kubwa kuliko 4 na kudhani kidonge kimoja hakitoshi. Mwenye kutulia anajua kwamba moja ya sita ni theluthi mbili za moja ya nne. Anakiyeyusha kidonge kwenye minimu 30 za maji safi, anavuta minimu 20, kumi zilizobaki anamwaga. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu ni kuifanya saa tisa usiku, kwa taa hafifu, mgonjwa akilia.

Kwa watoto kulikuwa na kanuni ya Thomas Young, daktari wa Hospitali ya St George's hapa London, yule yule aliyechunguza tabia ya mwanga na kusaidia kufumbua maandishi ya Misri ya jiwe la Rosetta. Mwaka 1813 aliagiza hivi: chukua umri wa mtoto, ugawanye kwa umri huo ukijumlishwa na 12, kisha uzidishe kwa dozi ya mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 anapata robo, wa miaka 12 anapata nusu. Kanuni hiyo ilidumu kwa vizazi kwa sababu umri wa mtoto ni rahisi kuuliza kuliko kumpima uzito. Kwamba watoto wawili wa miaka 4 wanaweza kupishana kwa kilo sita, Young aliacha lijitatue lenyewe. Waingereza walikuja kupata kitabu rasmi cha dozi za watoto peke yao mwaka 2005.

Tasnia ya dawa ya Uingereza ilikamilisha kuhamia miligramu na mililita mwaka 1969. Tazama tarehe hiyo kwa jicho la mtu wa Kingsbury. Mwaka mmoja nyuma, Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza walikuwa wakikimbilia viwanja vya ndege kuiwahi sheria ya uhamiaji ya 1968. Miaka mitatu mbele, Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na takriban 28,000 wakaingia Uingereza. Aliyejifunza kuchanganya dawa Kampala miaka ya 1950 alisomea vitabu vya Kiingereza vyenye greni na minimu. Alipotua hapa na sanduku lake, wenye vitabu walikwisha kuviacha. Akaanza upya, na wengi wa kundi hilo na watoto wao walishika famasi kwelikweli. Vijay Patel, aliyetoka Eldoret akiwa kijana, alisomea famasi Leicester, akafungua duka lake la kwanza Leigh-on-Sea mwaka 1975, kisha yeye na nduguye Bhikhu wakajenga kampuni ya dawa ya Waymade.

Hata kijiko kilibadilika. Kijiko cha chai cha zamani kilihesabiwa kuwa dramu moja, kama mililita 3.55. Cha mfumo mpya kikawa mililita 5. Mama aliyeendelea kumpa mtoto "kijiko kimoja kama zamani" alikuwa akimpa ujazo mwingine kabisa, ndiyo maana dawa za maji zilitengenezwa upya ili dozi iingie kwenye hizo mililita 5, na wafamasia wakagawa vijiko vya plastiki.

Insulini ilisubiri zaidi. Kisukari hupiga hodi mara nyingi kwenye nyumba za watu wenye asili ya Kihindi, kwa hiyo sura hii wazee wa Kingsbury wanaijua kwa mikono yao. Hadi 1983 insulini ya Uingereza iliuzwa kwa nguvu tofauti, hasa yuniti 40 na yuniti 80 katika kila mililita. Bomba la sindano lilikuwa moja tu, lenye alama 20 kwa mililita. Ukivuta kutoka chupa ya 40, kila alama ni yuniti 2. Ukivuta kutoka chupa ya 80, kila alama ni yuniti 4. Mgonjwa anaulizwa wodini, "Unajidunga ngapi?" Anajibu, "Kumi." Kumi zipi? Alama kumi za chupa ya 80 ni yuniti 40. Muuguzi akiandika 10 kwenye faili kana kwamba ni yuniti, ametoa robo ya dozi. Akichukua chupa ya 40 na kuvuta zile alama kumi, ametoa nusu. Na hakuna aliyekosea kugawanya! Mwaka 1983 nchi ilianza kuhamia nguvu moja ya yuniti 100, na mabomba yakachorwa kwa yuniti zenyewe. Ni mageuzi makubwa ya usalama ambayo nadhani hayajapewa heshima yake, pengine kwa sababu yalihusu plastiki na wino tu.

Wakati huo huo, pale Northwick Park, mtu mmoja alikuwa amekwisha kuunda kifaa ambacho kingerudisha tatizo lile lile kwa sura nyingine. Martin Wright alikuwa daktari mwenye mikono ya fundi, mtafiti katika kituo cha Baraza la Utafiti wa Tiba kilichokuwa ndani ya hospitali hiyo. Kipimo cha kupuliza ambacho wagonjwa wa pumu hutumia kilianzia kwake. Safari hii aliwaza watoto wenye thalasemia, ugonjwa wa damu unaorithiwa, unaolazimisha kuongezewa damu mara kwa mara mpaka chuma kinarundikana mwilini. Dawa ya kukitoa chuma hicho ilipaswa kuingia polepole chini ya ngozi kwa saa nyingi. Wright akabuni mashine ndogo ya betri inayosukuma bomba la sindano taratibu, ya kufunga kiunoni, ili mtoto alale kitandani kwake. Yeye na mwenzake waliitangaza kwenye jarida la tiba la Uingereza mwaka 1979. Mara wauguzi wa wagonjwa mahututi wa saratani wakaichukua kwa ajili ya morfini, ikaenea dunia nzima. Ilitengenezwa Watford, maili chache kutoka Kingsbury.

Mashine haikujua mililita. Ilijua mwendo wa kisukumio tu, kwa milimita. Muuguzi alijaza bomba mpaka urefu wa dawa ukafika milimita 48 kwenye rula iliyochorwa ubavuni mwa mashine. Dawa ya saa 24, urefu wa 48: kila saa milimita 2. Ni mgawanyo wa kupendeza, nao ndio sababu ya kuchagua 48. Baadaye zikawa mashine mbili. Yenye rangi ya bluu ilipangwa kwa milimita kwa saa. Ya kijani ilipangwa kwa milimita kwa saa 24. Kwa umbo ni mapacha. Kwenye ya kijani unaandika 48, kwenye ya bluu unaandika 2. Ukiandika 48 kwenye ya bluu, morfini ya siku nzima inaingia kwa saa moja.

Watu walikufa. Desemba 2010, shirika la usalama wa wagonjwa la Uingereza lilitoa agizo kwamba mashine za kuhesabu kwa milimita ziondolewe kwa awamu, zije zinazopangwa kwa mililita na zenye kinga dhidi ya kasi isiyo ya kawaida. Mwaka huo huo shirika hilo liliagiza pia neno la yuniti za insulini liandikwe kwa ukamilifu, maana herufi U iliyobanana na 10 husomeka 100. Simlaumu Wright. Alimtatulia mtoto wa thalasemia tatizo lake. Dunia ndiyo iliyoibeba mashine kwenda nayo kwa mgonjwa mwingine, na dawa nyingine, usiku mwingine.

Kisa cha pili cha Northwick Park ni kibaya zaidi, kwa sababu hesabu ilikuwa sahihi. Machi 13, 2006, katika jengo la majaribio lililokodiwa ndani ya hospitali, vijana wanane wenye afya njema walijitolea kupokea dawa mpya ya kingamwili iliyoitwa TGN1412. Sita walipewa dawa, wawili wakapewa kimiminika kitupu. Nyani walikuwa wamestahimili miligramu 50 kwa kila kilo. Watafiti wakagawanya kwa 500, binadamu akapata miligramu 0.1 kwa kilo. Ukiikagua karatasi ya hesabu hiyo utaweka alama ya vema. Ndani ya saa mbili wote sita waliumwa vichwa na migongo, wakatapika, kisha viungo vyao vikaanza kuzimika. Walilazwa chumba cha uangalizi maalumu cha hospitali hiyo hiyo. Wote walipona, mmoja wao akiwa amepoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mikono.

Tume iliyoongozwa na Profesa Gordon Duff ilitoa ripoti yake ya mwisho Desemba 2006. Kabla ya kugawanya, watafiti walijiuliza ni dozi ipi kubwa isiyomdhuru nyani. Tume ikasema swali la kuanzia liwe dozi ipi ndogo kabisa inayotazamiwa kuamsha chochote ndani ya binadamu, na watu wapewe mmoja mmoja kwa kuachana. Wale vijana walikuwa wamedungwa kwa kupishana dakika kumi hivi. Wa kwanza alipoanza kutetemeka, wenzake walikwisha kupata dawa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba aina moja ya seli za kinga za nyani hao haina kile kishikio ambacho dawa ilikilenga. Ukigawanya jibu la mnyama asiye na kishikio, hata kwa 500, hupati jibu la mtu aliye nacho.

Mitihani ya leo ina makovu ya haya yote. Mfamasia wa Uingereza, tangu 2016, hufanya karatasi nzima ya hesabu tupu yenye maswali 40, na kikokotoo kinaruhusiwa. Mwanafunzi wa uuguzi, kwa viwango vya 2018, hafuzu hesabu za dawa mpaka apate asilimia 100. Muuguzi anayetoka Kenya, ambayo ilitia saini mkataba wa wauguzi na Uingereza Julai 2021, hukutana kwanza na maswali 15 ya hesabu kwa dakika 30 kwenye kompyuta. Kanuni yake ni ile wanayoimba wauguzi wote hapa: unachotaka, gawanya kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo ambamo kimo.

Kwa muuguzi aliyezoea wodi ya malaria, mtihani huo hautishi. Amefanya hesabu za artesuneti mamia ya mara: chupa ya miligramu 60 inayeyushwa na mililita 1 ya bikaboneti, inaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, unapata miligramu 10 kwa kila mililita. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 3 kwa kilo, jumla 36, basi unavuta mililita 3.6. Mtoto aliyefika kilo 20 anarudi kwenye 2.4 kwa kilo, na hapo ndipo mgeni hujikwaa. Kinachomsumbua zaidi Mkenya ni kwamba Nairobi alihesabu matone ya dripu kwa kutazama saa ya mkononi, na huku anapewa pampu inayotaka mililita kwa saa. Maswali ya matone hata hivyo bado yamo mtihanini: mpira wa maji matone 20 kwa mililita, wa damu 15, wa watoto 60, na namba hiyo imechapishwa kwenye pakiti ya mpira wenyewe.