Aliyekwama Hula: Historia ya Hoteli za Ifakara

Aliyewahi kusafiri kwenda Mahenge kabla ya mwaka 2018 anaifahamu Ifakara kwa tumbo. Basi lilishuka hadi ukingoni mwa Mto Kilombero, abiria wakateremka, na mbele yao malori ya mbao na mpunga yalikwisha kupanga foleni kungoja pantoni. Zamu yako ingeweza kufika baada ya nusu saa au baada ya adhuhuri. Masika mto ukifurika, hata kuuliza saa kulikuwa kujisumbua. Hapo ndipo akina mama walipopita na ndoo za maandazi na mabeseni ya samaki wa kukaanga, na wenye subira wakakaa kwenye mabenchi ya vibandani kusubiri wali uive.

Kula hotelini katika bonde hili la Kilombero kulianza na watu waliokwama. Ipo miji duniani ambako mtu hufunga safari kwa ajili ya chakula chenyewe. Getaria, mji mdogo wa wavuvi katika pwani ya Wabaski huko Hispania, hupokea wageni wanaofuata samaki wa kuchomwa kwenye makaa nje ya milango ya migahawa. Samaki na makaa Ifakara inavyo, tena tele, lakini sijasikia mtu aliyetoka Dar es Salaam kuja kula perege tu akarudi. Hapa watu walikula nje kwa sababu kivuko hakijarudi, treni haijafika, au mgonjwa wao hajaruhusiwa.

Zamani hata hao waliokwama hawakulipa. Mgeni alilishwa na mwenyeji, na misafara ya wafanyabiashara ilinunua nafaka mbichi vijijini ikajipikia yenyewe. Wandamba, mabingwa wa mitumbwi na uvuvi, walivusha watu na kuuza samaki, lakini kumuuzia mpita njia chakula kilichoiva lingekuwa jambo la kuchekwa. Mambo yaligeuka fedha zilipoingia, kwanza kwa kodi ya Mjerumani na kisha kwa mishahara ya Mwingereza. Ifakara ilikuwa njia ya kwenda Mahenge, na kama miji mingine midogo ya Tanganyika, ikapata maduka ya Wahindi na Waarabu, na chai ya kununua kwa kikombe.

Serikali ya kikoloni yenyewe ililiangalia bonde kama ghala. Mwaka 1929 A. M. Telford aliandika ripoti juu ya kuendeleza mabonde ya Rufiji na Kilombero, na kilimo cha mpunga kilikuwamo. Reli ya kupita bondeni ilibaki kuwa maneno kwa miaka mingine arobaini.

Kilichotangulia reli ni hospitali. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, iliyotokana na kazi ya wamisionari Wakapuchini kutoka Uswisi, ilivuta wagonjwa kutoka Ulanga nzima. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy akafungua mjini maabara ya utafiti wa magonjwa ya kitropiki, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Anayeijua hospitali ya kwetu anajua kwamba mgonjwa mmoja huja na watu wawili au watatu: wa kumwogesha, wa kumfulia, wa kumtafutia chakula. Hawa hawana jiko mjini, wala hawajui watakaa siku ngapi. Wanahitaji uji asubuhi, wali laini usio na pilipili mchana, na mtu atakayewaazima bakuli wakimpelekea mgonjwa wodini. Kwa maoni yangu, hao ndio walioufanya mji ujue kupika kwa ajili ya wasio ndugu, kuliko wakubwa wote waliopita na magari yao. Upande wa Kidatu, kiwanda cha sukari kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1960 nacho kilileta vijana wakata miwa walioacha wake zao mbali, na njaa ya mtu wa namna hiyo haihitaji maelezo.

Kisha ikaja TAZARA. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1970, na mwishoni mwa 1971 reli ilikuwa imefika Mlimba. Kambi za ujenzi zilikuwa na majiko yake, na Wachina walilima mboga zao wenyewe, kwa hiyo faida kubwa ya mama lishe haikutoka kwa wajenzi. Ilikuja baada ya reli kukabidhiwa mwaka 1976, treni za abiria zilipoanza kusimama Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Ndani kulikuwa na behewa la chakula, lakini wa daraja la tatu aliangalia dirishani. Ndizi, mihogo, mayai ya kuchemsha na wali vilipanda kwa dirisha, noti zikashuka kwa dirisha hilo hilo, na mara nyingine treni iliondoka chenji ikiwa bado mkononi mwa muuzaji. Treni ilipochelewa kwa saa nyingi, na ilichelewa sana, stesheni iligeuka kuwa hoteli ya wazi.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya ajabu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, maduka yakabaki matupu, na mijini watu wakala ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano. Wakati huo huo Kilombero ilikuwa na mchele. Kuusafirisha kwa biashara nje ya mkondo wa serikali kulikuwa ulanguzi, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 chini ya Edward Sokoine uliwatia watu wengi hofu. Lakini mchele ukishapikwa ukawekwa kwenye sahani, nani atauita magendo? Mwaka huo huo sheria ya Nguvu Kazi iliwapa wauza vyakula wa mijini wakati mgumu, kwani kazi yao haikuhesabiwa kuwa kazi.

Wali wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mpishi anachagua mchele, anaukaanga kidogo kwenye mafuta na kitunguu, anatia maji na chumvi. Maji yakikaribia kukauka anafunika sufuria, anapunguza moto wa chini, kisha anapalia makaa juu ya mfuniko. Harufu ya mchele wa Supa ikitoka hapo, tangazo halihitajiki. Mbegu ya Saro 5, iliyotolewa mwaka 2002 na ambayo kituo cha utafiti cha hapa Ifakara, wakati huo kikiitwa KATRIN, kilihusika nayo kwa karibu, humpa mkulima magunia mengi zaidi, lakini kwa harufu walaji wengi bado wanampa ushindi Supa. Pembeni kuna maharage, mchicha, kipande cha perege au kambale kwenye rojo, na ndimu iliyokatwa nusu. Ukoko hauuzwi, huombwa na mteja anayejulikana.

Wafugaji, Wasukuma kwa wingi, walipoingia bondeni na ng'ombe, supu ya asubuhi na nyama choma vilipata nguvu mpya. Hata operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo katika ardhi oevu haikuiondoa supu mezani. Chipsi mayai nazo zina kabati lao la vioo kando ya barabara, kama kila mahali nchini, na sina la kuongeza.

Mei 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja la mita 384 lenye jina lake, na pantoni ikakosa kazi. Hakuna mwenye akili anayeililia, kwani mto ule umezamisha watu. Ila vibanda vya kivukoni vilipoteza wateja wake: basi linavuka kwa dakika moja, nani atashuka kula? Lami ya Kidatu hadi Ifakara, takribani kilomita 67, nayo imeondoa sababu za kulala njiani.

Imebaki reli. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba na kampuni ya China wa kuifufua TAZARA kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Treni zikianza kufuata ratiba, wauza wali wa Mlimba watakuwa na dakika chache tu za kupakua, kupokea noti na kurudisha chenji.