Shehena ya Belitung katika Makumbusho ya Singapore
Jumba la Makumbusho ya Tamaduni za Asia, lililo kando ya Mto Singapore, lina ukumbi ambao vitu vyake karibu vyote vilitoka katika chombo kimoja kilichozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, katika karne ya 9. Wapiga mbizi waliokuwa wakisaka majongoo bahari walikigundua mwaka 1998. Ndani yake mlikuwa na vyombo vya kauri vipatavyo 60,000 kutoka China ya nasaba ya Tang, vingi vikiwa mabakuli ya Changsha, yaani ufinyanzi wa bei nafuu uliochomwa kwa wingi katika matanuru ya mkoa wa Hunan na kupangwa kwa ustadi ndani ya mitungi mikubwa ili usivunjike safarini.

Bakuli moja limechorwa tarehe inayolingana na mwaka 826, na kwa sababu hiyo wataalamu huweza kuikadiria safari yenyewe kwa uhakika usio wa kawaida. Wageni wengi huvutwa na kikombe cha dhahabu chenye pande nane. Hata hivyo, kwa mwanahistoria mabakuli hayo ya kawaida yana uzito zaidi, kwa kuwa yanathibitisha kwamba mafundi wa China walikwisha kuzalisha bidhaa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, hasa yale ya dola ya Abbasi. Sahani tatu za rangi nyeupe na buluu zinaonyesha kwamba biashara hiyo ilikwenda pande zote mbili, kwani kobalti, madini yanayotoa rangi ya buluu, yaelekea ilitoka Iran.

Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba bila misumari, kwa ufundi wa Bahari ya Hindi ya magharibi ambao katika pwani ya Waswahili ulidumu katika chombo kiitwacho mtepe hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Shehena iliopolewa na kampuni ya kibiashara, ikauzwa Singapore mwaka 2005, jambo lililowaudhi wanaakiolojia kiasi kwamba maonyesho yaliyopangwa katika taasisi ya Smithsonian, Marekani, yaliahirishwa mwaka 2011. Malalamiko yao yalikuwa na msingi, ingawa vipimo vya mabaki ya chombo havikupotea: ndivyo vilivyowaongoza mafundi nchini Oman kuunda jahazi la kushonwa, Jewel of Muscat, lililotweka kutoka Muscat na kutia nanga Singapore mwaka 2010.