Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta

Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta (KICC) ni jengo la mikutano na kivutio cha watalii katikati ya jiji la Nairobi, Kenya. Lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norwei akishirikiana na David Mutiso, Mkenya. Ujenzi ulianza mwaka 1967 ukakamilika 1973, mwaka ambao lilipokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mnara wake una urefu wa mita 105 hivi, na kando yake kuna ukumbi wenye paa lenye umbo la pia. Uani imesimama sanamu ya Jomo Kenyatta. Mgeni aliye kileleni huona Bustani ya Uhuru upande wa magharibi na, anga likitakata, vilima vya Ngong.